Klachi Kwanza, Muziki Baadaye: Namna ya Kukadiria Gharama za Gari Kuukuu la Mbio

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikasha kidogo kilichonakshiwa kwa nje kikapendeza, lakini anayekifunua hukuta ndani mti ule ule. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya watu wasihadaike na sura za binadamu wenzao. Hata hivyo, inalifaa vilevile gari kuukuu la mbio ambalo limetiwa spika mpya zinazotikisa vioo ilhali klachi yake inateleza.

Hali hii si ngeni mijini. Kijana aliyeajiriwa juzi hujinyima, akanunua gari alilolitamani tangu akiwa shuleni. Baada ya miezi michache, mambo mawili humjia kwa pamoja: redio iliyo ndani ya gari haimridhishi, na klachi imeanza kulalamika. Mfuko ni mmoja nao hautoshi yote mawili. Mara nyingi muziki ndio hushinda kwa sababu husikika na kuonekana, wakati klachi imejificha baina ya injini na giaboksi.

Uamuzi huo unahusu fedha, na pia unahusu uhai. Dereva anapolipita lori kwenye barabara ya safu mbili zinazoelekeana, hutegemea gari liitikie papo hapo anapokanyaga mafuta. Klachi inayoteleza huweza kumwacha katika safu isiyo yake, injini ikinguruma pasipo mwendo kuongezeka. Makala haya yanafafanua jinsi mwenye gari anavyoweza kukadiria gharama za mambo haya mawili, kuyapangia utaratibu, na kutambua mahali ambapo fedha hupotea. Hoja kuu ni kwamba bajeti nyingi za aina hii huharibika mapema, wakati ambapo bado ni maneno mawili tu kwenye karatasi: "klachi" na "muziki".

Gari lenyewe

Ili maelezo yasielee hewani, makala yanatumia mfano wa gari linalofahamika mno nchini Kenya, yaani Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyoundwa kati ya mwaka 2000 na 2007. Jina Impreza lilianza kutumika mwaka 1992. Umaarufu wake nchini ulichochewa kwa kiasi kikubwa na mashindano ya Safari Rally, ambapo Colin McRae aliibuka mshindi akiwa na Impreza mwaka 1997, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Mashindano hayo yaliondolewa katika msururu wa ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarejeshwa mwaka 2021. Katika kipindi hicho chote, gari hili halikupoteza mvuto wake kwa vijana.

WRX ya kizazi hicho iliyouzwa Japani ina injini ya lita 2 yenye turbo na pistoni nne zilizolala, mbili kila upande. Nguvu za injini hupelekwa kwenye magurudumu yote manne. Sifa hizi zina uhusiano wa moja kwa moja na gharama zitakazojadiliwa.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni umri. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, Impreza ya mwaka 2005 inayouzwa leo iliingia nchini zamani, na huenda imekwisha kupita mikononi mwa madereva kadhaa. Mnunuzi hajui ni nani alijifunzia kuendesha ndani yake, ni nani alishindana nayo usiku, wala klachi iliyomo ni ya ngapi. Historia hiyo isiyoandikwa popote ndiyo sababu ya kwanza ya kutenga fedha za klachi hata kabla haijaonyesha dalili ya kuchoka.

Maneno mawili yanayoficha mengi

Mwanafunzi wa semantiki atatambua upesi kwamba neno "klachi", kama linavyotumiwa katika gereji za Kenya, ni mfano mzuri wa polisemia. Fundi anapomwambia dereva "kanyaga klachi", anarejelea pedali. Anaposema "klachi imeisha", anarejelea sahani moja, ambayo kwa jina kamili huitwa klachi pleti. Anaposema "tubadilishe klachi", huenda anarejelea mkusanyiko mzima wa vifaa vitatu, vinne au zaidi. Maana hizi zote zinahusiana, na katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha kuzitofautisha. Kwenye karatasi ya makadirio muktadha huo hautoshi.

Chukulia kwamba mafundi wawili wameombwa bei. Wa kwanza anataja kiasi kidogo, wa pili anataja kiasi kinachokaribia maradufu. Mwenye gari humwona wa pili kuwa mlafi na kumpa kazi wa kwanza. Kumbe wa kwanza alimaanisha klachi pleti peke yake, naye wa pili alimaanisha klachi pleti, presha pleti, beringi na kukereza flaiwili. Wote wawili walisema kweli. Aliyepotoka ni msikilizaji aliyelinganisha bei mbili za vitu viwili tofauti kwa kuwa vina jina moja.

Neno "muziki" nalo lina tabia iyo hiyo. Inaposemwa kwamba gari fulani "lina muziki", maana yake ni kwamba limewekwa redio, spika, amplifaya, wufa, waya na fyuzi. Muuzaji hutaja bei ya vile vinavyoonekana dukani. Waya, fyuzi na malipo ya kufunga hujitokeza baadaye, wakati mkoba umekwisha kupungua. Basi hatua ya kwanza ya bajeti ni ya kiisimu: kila neno la jumla livunjwevunjwe hadi kila kifaa kipate jina lake na mstari wake.

Kazi ya klachi na dalili za kuchakaa kwake

Injini ikishawashwa huzunguka wakati wote, ilhali magurudumu hayana budi kusimama mara kwa mara. Klachi ndiyo huunganisha na kutenganisha pande hizi mbili. Nyuma ya injini kuna sahani nzito ya chuma iitwayo flaiwili, inayozunguka pamoja na injini. Mbele ya giaboksi kuna klachi pleti, sahani nyembamba iliyovishwa utando wa msuguano pande zote mbili. Presha pleti, kwa nguvu ya springi yake, huibana klachi pleti dhidi ya flaiwili, na kwa njia hiyo mzunguko wa injini hupita hadi kwenye giaboksi. Dereva anapokanyaga pedali, beringi ya klachi huisogeza springi hiyo, mbano ukalegea na klachi pleti ikawa huru.

Klachi haichakai sana ikiwa imebanwa kikamilifu, wala haichakai ikiwa imeachiliwa kikamilifu. Huchakaa katikati ya hali hizo mbili, wakati sahani zinasuguana kwa kasi zisizolingana. Hapo ndipo joto huzaliwa na utando huliwa. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, au anayelizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, huurefusha muda huo wa katikati bila kujua. Msongamano wa magari, ambapo dereva husogea mita chache na kusimama tena mara mamia kwa siku, hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana haiwezekani kutaja umri mmoja wa klachi zote: iko inayomalizwa kabla ya kilomita 50,000, na iko inayovuka 150,000.

Kwa Impreza kuna sababu ya ziada. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili likiondolewa kwa pupa, matairi huteleza na kupunguza mshindo. Gari ambalo magurudumu yake yote manne yanasukuma hushika barabara barabara. Kwa kuwa matairi hayatelezi, klachi ndiyo hulazimika kuteleza na kuubeba mshindo wote. Mtindo wa kuondoka kwa kishindo kwenye taa za barabarani hulipwa kwa utando wa klachi.

Dalili za klachi yenye hitilafu hutofautiana, na kila dalili ina bei yake:

(i) Mizunguko ya injini hupanda pasipo gari kuongeza mwendo. Hii ni klachi inayoteleza. Aghalabu utando umekwisha au umerowa oili.

(ii) Gia hukataa kuingia au hukwaruza, hasa gia ya nyuma. Hapa klachi haiachilii sawasawa. Kabla ya kulaumu sahani, mfumo wa haidroliki ukaguliwe: kiwango cha mafuta, hewa iliyoingia ndani, na silinda zinazovuja. Marekebisho haya huweza kugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya klachi nzima.

(iii) Mlio husikika pedali inapokanyagwa na kupotea inapoachiliwa. Mara nyingi beringi ya klachi ndiyo imechakaa.

(iv) Gari hutetemeka linapoondoka. Huenda flaiwili imeungua kwa madoa ya joto, utando umepata oili, au mipira inayoishikilia injini imelegea.

Kuna jaribio rahisi la dalili ya kwanza. Katika barabara tambarare isiyo na magari, dereva aende mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa katika gia ya nne, kisha akanyage mafuta kwa nguvu. Klachi ikiwa nzima, mshale wa mizunguko na mshale wa mwendo hupanda pamoja. Ikiwa imechoka, mshale wa mizunguko hurukia juu peke yake, hasa pale turbo inapoanza kusukuma. Jaribio hili halina gharama, nalo ndilo linapaswa kutangulia senti yoyote kutumiwa.

Kuikadiria klachi

Klachi ya Impreza haifikiwi kwa urahisi. Fundi huondoa kipoza hewa cha turbo kilicho juu, sehemu ya bomba la moshi, stata, na mihimili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kisha huishusha giaboksi. Wapo wanaochagua kuitoa injini badala yake. Kwa vyovyote, kazi hii huchukua saa nyingi, na ikifanywa nusunusu italazimika kurudiwa yote.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ni kwamba kila kifaa ambacho hakiwezi kufikiwa bila kushusha giaboksi kikaguliwe, na kilicho rahisi kibadilishwe pamoja na vingine. Orodha kamili huwa hivi: klachi pleti, presha pleti, beringi ya klachi, beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya injini, kukereza flaiwili ikiwa uso wake haujapasuka, mafuta ya giaboksi na ya mfumo wa klachi, na malipo ya fundi. Sili ya nyuma ya injini ni kipande kidogo cha bei nafuu. Ikiachwa huku inavuja, oili itadondokea klachi mpya na kuiharibu, na gharama ya ufundi italipwa upya kuanzia mwanzo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kanuni ya pili inahusu ubora wa spea. Mnunuzi anayezuru maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi hukutana na aina kadhaa: spea zinazotoka kwa mtengenezaji wa gari, spea za kampuni nyingine zenye sifa nzuri, spea zilizokwisha kutumiwa Japani, na spea bandia zilizovishwa karatasi yenye jina la kuaminika. Kwa mlango au taa, spea iliyotumika huwa uamuzi wa busara. Kwa klachi, haifai, kwa kuwa mnunuzi hulipa gharama ile ile ya kufunga ili apate sahani ambayo sehemu ya maisha yake imekwisha kuliwa. Kuhusu spea bandia, Kenya imekuwa na sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini kinga ya karibu zaidi ya mnunuzi ni kudai risiti, kuhakikisha nambari ya spea inaoana na nambari ya fremu ya gari, na kulinganisha kipenyo cha sahani na idadi ya meno yake kabla giaboksi haijarudishwa.

Kanuni ya tatu ni kutonunua nguvu zisizohitajika. Wauzaji husifu klachi za mashindano zenye springi kali. Gari ambalo injini yake haijaongezwa nguvu halina haja nazo. Springi kali huufanya mguu uchoke kwenye msongamano, na utando wa mashindano huweza kushika kwa ghafla badala ya kushika kwa ulaini. Klachi ya kiwango cha kawaida iliyofungwa vyema humfaa dereva wa kila siku.

Baadhi ya wenye magari hushauriana waendeshe hadi klachi ife kabisa, kisha waitengeneze. Hoja yao ni kwamba kifaa kitumiwe mpaka tone la mwisho. Hesabu yake huwa mbaya. Klachi inayoteleza huichoma flaiwili, na ile ambayo ingekerezwa kwa gharama ndogo hupasuka ikahitaji kununuliwa upya. Isitoshe, klachi haichagui mahali pa kufia. Huongezeka hapo gharama ya kukokotwa, na bei ya fundi wa kwanza kupatikana, ambaye mwenye gari hana nafasi ya kumlinganisha na mwingine.

Muziki: wati, desibeli na ampea

Kuutaka muziki mzuri ndani ya gari si upuuzi. Anayekaa saa mbili kwenye msongamano kila jioni ana haki ya kusikiliza taarabu, benga au taarifa ya habari kwa sauti safi. Aidha, magari yaliyotoka Japani yana sababu ya kiufundi ya kubadilishiwa redio. Redio za zamani za Japani ziliundwa kupokea masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Kenya hurusha kati ya 87.5 na 108. Redio kama hiyo hunasa kipande kidogo tu cha mwanzo. Wengi hufunga kifaa cha kuyageuza masafa, lakini sauti huweza kufifia na stesheni kuingiliana. Redio mpya inayopokea masafa yote ni matumizi yenye maana.

Fedha hupotea pale mnunuzi anapoanza kununua wati. Katika maduka ya Luthuli Avenue, ambayo yana jina la siku nyingi katika biashara ya vyombo vya sauti, si ajabu kuiona redio iliyoandikwa wati 50 mara nne. Hesabu ndogo huonyesha ukweli. Umeme wa gari linalokwenda ni kama volti 14.4. Volti hizo zikiisukuma spika ya omu 4 bila kifaa cha kuziongeza, wimbi safi la sauti haliwezi kuzidi wati 26 hivi, na hilo ni kabla ya kuondoa umeme unaopotea ndani ya redio yenyewe. Kwa kawaida kinachobaki ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Nambari 50 ni ya kilele cha muda mfupi mno, na imechapishwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Pili, sikio halihesabu wati kama fedha zinavyohesabiwa. Wati zikiongezwa maradufu, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua lakini haimshangazi. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Hapa ndipo mnunuzi mwerevu hupata nafuu. Spika huandikwa kiwango cha sauti inayotoa kwa wati moja. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 20 hulingana na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 40. Kwa kuchagua spika inayotumia vyema wati chache zilizopo, mwenye gari huweza kuepuka kununua amplifaya kabisa.

Tatu, kila wati hutoka mahali. Amplifaya ya wati 500 ambayo thuluthi mbili hivi za umeme wake hufika kwenye spika huhitaji takriban ampea 52 inapofanya kazi kikamilifu. Altaneta za magari ya rika la Impreza kwa kawaida hutoa kati ya ampea 75 na 90, nazo zinagawanywa kwa taa, feni, pampu ya petroli na mfumo wa kuwasha injini. Ni kweli kwamba muziki hauhitaji kilele hicho wakati wote. Hata hivyo, taa zinazofifia kila ngoma inapolia ni ishara kwamba mzigo umezidi, na bajeti ya muziki imeanza kuzaa bajeti ya betri na altaneta.

Nne, waya si kitu cha kubanwa bei. Waya mkuu kutoka kwenye betri hauna budi kuwa mnene wa kutosha, kupitishwa kwenye mpira unaoulinda pale unapopenya ukuta wa injini, na kuwekewa fyuzi karibu na betri, umbali usiozidi nusu mita. Waya usio na fyuzi ukisuguka na kugusa bodi la gari huweza kuwasha moto. Fyuzi hiyo ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo zaidi kwenye orodha, nayo ndiyo husahauliwa mara nyingi.

Hatimaye, kuna afya na sheria. Kwa mujibu wa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Nchini Kenya, kanuni za kudhibiti kelele zimekuwapo tangu mwaka 2009. Sauti inayowakera majirani ni gharama ambayo haimo kwenye risiti ya duka.

Kielelezo cha mgawanyo

Kwa kuwa bei hubadilika, ni afadhali fedha zigawanywe kwa sehemu badala ya shilingi. Fedha zote zilizopo zikichukuliwa kuwa sehemu 100, mgawanyo ufuatao unaweza kutumiwa kama kielelezo kwa mwenye gari ambaye jaribio limemwonyesha kwamba klachi yake inateleza.

Sehemu 55 ziende kwa klachi: 38 za spea zote zilizoorodheshwa na 17 za ufundi na kukereza. Sehemu 15 ziwe akiba isiyoguswa mpaka giaboksi ifunguliwe, kwa maana hakuna fundi anayeweza kuona yaliyo ndani kabla ya kufungua. Sehemu 30 zilizobaki ziwe za muziki: 12 za spika mbili nzuri za mbele, 10 za redio, 4 za waya na fyuzi, na 4 za kuziba mianya ya milango. Mlango ulio wazi ndani huipotezea spika sauti zake nzito, na kuuziba huweza kuzirejesha bila wufa.

Mgawanyo huu uambatane na utaratibu wa wakati. Kwanza lifanywe jaribio. Pili, mafundi wasiopungua wawili watoe bei kwa orodha ile ile, kifaa kwa kifaa. Tatu, klachi ibadilishwe. Nne, gari liendeshwe kwa upole kwa kilomita 800 hivi ili utando mpya ukae sawasawa juu ya flaiwili. Muziki ufuate baada ya hapo. Ikiwa akiba haikutumika, ihamie kwenye amplifaya ndogo. Ikiwa jaribio lilionyesha kwamba hitilafu ilikuwa mafuta ya klachi tu, sehemu kubwa ya zile 55 itunzwe, wala isiyeyuke kuwa wufa.

Kusubiri huko kwa kilomita 800 kuna faida nyingine. Mlio wa beringi iliyofungwa vibaya, mgongano wa mpira uliolegea, au mnong'ono wa bomba la moshi lisilokazwa husikika tu ndani ya gari lililo kimya. Muziki ukitangulia, sauti hizo zote hufunikwa mpaka ziwe hitilafu kubwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ugumu wa kugawa fedha kati ya klachi na muziki hupungua sana pindi maneno hayo mawili yanapofunuliwa na kila kilichomo kutajwa kwa jina lake. Asiyejua tofauti ya klachi pleti na presha pleti hawezi kumhoji fundi, na asiyejua tofauti ya wati za kweli na wati za karatasi hawezi kumhoji muuzaji. Wapenzi wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kuyapima maneno, wana sababu ya kuyachukulia maneno ya gereji kwa uzito ule ule wanaoyachukulia maneno ya diwani, kwani hapa kosa la maana hulipwa kwa fedha taslimu na wakati mwingine kwa maisha.

Mwenye Impreza kuukuu ataupata muziki wake. Kwa sasa aizime redio hata hiyo mbovu, afungue dirisha kidogo, aingize gia ya nne na kukanyaga mafuta, kisha asikilize injini inasema nini.